Tusiionee Haya Sukari Guru

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Nataka niseme neno juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani keki nyeusi ya sukari guru. Maoni yangu nayasema mapema, ili asiye na wakati wa kusoma yote ayapate hapa: vitamu vya kale vinavyopikwa kwa sukari guru yafaa vipikwe, viliwe na vifundishwe katika shule yetu, na sisi wanafunzi tuache kuvicheka. Najua kwamba wengi hawatakubaliana nami. Hapo zamani hata mimi nisingalikubali, tena mimi ndiye niliyefanya kosa kubwa kuliko wote, kama nitakavyoeleza.

Mwaka 2023 nilikuwa Kidato cha Kwanza. Siku ya wazazi kututembelea ilipofika, mama yangu alikuwa safarini. Basi bibi yangu akasema hawezi kuniacha nikae peke yangu kama mtoto asiye na kwao. Alitoka kijijini kwake, wilayani Itilima, akaja Bariadi kwa basi, akamalizia safari kwa bodaboda. Mikononi alishika kitu kilichofungwa kwa kipande cha khanga. Nilipokifungua nikaona mkate wa duara, mweusi kama udongo wa mbugani, unaonukia tangawizi. Yeye huuita mkate mweusi. Alikuwa ameuoka usiku kwa mkaa, na alfajiri akaondoka nao.

Wenzangu walikuwa wameletewa keki nyeupe za mjini zenye mapambo ya krimu, na chipsi, na kuku, na soda. Nilipokea mkate wa bibi kwa mikono miwili, nikamshukuru, kisha nikaufunga tena upesi kabla hawajauona. Bibi alipoondoka nikauficha ndani ya sanduku langu. Usiku harufu yake ikanisaliti. Mwenzangu mmoja akauliza, "Una nini humo?" Nikajibu, "Ni molasi ya ng'ombe, mjomba ameniachia." Bweni zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Kulipopambazuka niliuchukua mkate mzima nikautupa katika shimo la taka nyuma ya jiko. Sikuuonja hata kidogo.

Likizo ilipofika bibi akaniuliza, "Wenzako waliupenda?" Nikasema, "Waliupenda sana, bibi." Akafurahi, akasema safari nyingine ataleta miwili.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu nadhani wengi wetu tunayo ya namna hiyo. Huyu ameficha michembe, yule ameficha matobolwa, mwingine amesema asali ya kwao ni mafuta ya nywele. Kwa hiyo nataka tuzipime pamoja zile sababu tunazozitoa tunapovikataa vyakula hivi, tuone kama zina uzito.

Sababu ya kwanza ni ile niliyoitoa mimi bwenini, kwamba sukari guru ni chakula cha ng'ombe. Hili ni kosa la kutojua. Miwa ikikamuliwa hutoa maji matamu. Mtengenezaji wa sukari guru huyachuja maji hayo, huyachemsha katika karai pana, huondoa povu na taka zinazoelea, na huendelea kuchochea hadi yawe mazito kama uji. Kisha huyamimina katika vyombo yagande. Basi, amekwisha. Viwandani, kama vile TPC kule Moshi, Kilombero, Mtibwa na Kagera, kazi huenda mbali zaidi. Huko maji ya miwa huchemshwa mpaka chembe za sukari zianze kujitokeza, kisha huzungushwa kwa kasi katika mashine. Chembe hubaki ndani, na uji mweusi hutoka nje. Uji huo huchemshwa tena na tena ili sukari iliyobaki itolewe. Kile kinachobaki mwisho kabisa, cheusi na chenye uchungu, ambacho sukari yake haitoki tena kwa faida, ndicho molasi wanayouziwa wafugaji na watengenezaji wa spiriti.

Kwa hiyo sukari guru ni maji yote ya miwa yaliyogandishwa, sukari pamoja na ule weusi wake. Rangi na harufu vinatoka humo. Ile molasi ya maduka ya mifugo ni kitu kingine, wala haihifadhiwi wala kusafirishwa kwa usafi wa chakula cha watu. Naomba sana mtu asijaribu kuipikia keki kwa kusoma makala hii. Katika nchi nyingine molasi ya mchemsho wa kwanza au wa pili, ambayo bado ni tamu, hutiwa katika chupa safi na kuuzwa kwa mapishi. Kwetu sisi inayotufaa ni sukari guru, ambayo inapatikana sokoni.

Sababu ya pili wanayoitoa watu ni kwamba vitu hivi ni vya kimaskini. Hapa nataka tutazame nje kidogo. Huko kaskazini mwa Uingereza kuna keki nyeusi iitwayo parkin, ambayo hupikwa kwa tangawizi, shayiri ya uji na molasi. Watu huila hasa karibu na tarehe 5 Novemba, siku ambayo huwasha mioto mikubwa ya sherehe. Katika Marekani molasi ndiyo iliyokuwa sukari ya watu wa kawaida kwa muda mrefu, kwa kuwa sukari nyeupe ilikuwa ghali. Sukari nyeupe iliposhuka bei, watu wakaiacha molasi katika chai, lakini hawakuiacha katika keki ya tangawizi. Wanaipika hata leo, na tajiri na maskini hula pamoja. Sisi tukiiona picha ya keki hiyo katika kitabu cha Kiingereza tunaitamani. Tukiiona mikononi mwa bibi tunaificha.

Wala sisemi kwamba historia ya utamu huu ni safi. Miwa ya visiwa vya Karibi ililimwa na Waafrika waliochukuliwa utumwani, na molasi iliyotoka kwao ilitengenezwa pombe ya ramu, ambayo nyingine ilirudi kununulia watumwa wengine. Hata hapa kwetu, katika bonde la mto Pangani, mashamba ya miwa ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwaka 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo ya miwa. Mwanafunzi anapokula kipande cha mkate mweusi yafaa ayajue haya. Lakini hiyo ni sababu ya kusoma historia, si sababu ya kumwonea haya bibi yako, ambaye hakumtumikisha mtu.

Tena wapo wasemao kwamba sukari guru ni kitu kigeni, si cha Wasukuma. Ni kweli kwamba neno lenyewe guru limetoka kwa Wahindi, wanaoiita gur, na kwamba Simiyu yetu ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, si nchi ya viwanda vya sukari. Bibi yangu alijifunza kuitumia katika miaka ya 1960. Babu alikuwa kibarua katika kinu cha kuchambulia pamba, na bibi alikuwa akimsaidia kazi za nyumbani mke wa mwenye duka, mama wa Kihindi. Mama huyo alikuwa akipika kashata za karanga kwa sukari guru, ambazo Wahindi huziita chikki. Bibi akatazama, akajua. Baadaye akaongeza mambo yake mwenyewe. Lakini hata pamba yenyewe, ambayo tunajivunia, haikuanzia hapa. Kitu kikishakaa miaka sitini katika jiko la bibi yako, nadhani kimekwisha kuwa cha kwenu.

Tena kitu hicho kiliwafaa wazee wetu wakati wa shida. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika nchi nzima. Wazazi wetu wengi wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, na wanakumbuka mwaka 1983, Serikali ilipowasaka wahujumu uchumi waliokuwa wakificha bidhaa. Bariadi wakati huo ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, kwa maana Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Bibi anasema kwamba katika miaka ile watoto wake hawakukosa kitu kitamu siku ya Krismasi, kwa sababu alikuwa akihifadhi bonge la sukari guru katika chungu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonigeuza mawazo. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Nino zilinyesha kupita kiasi, mashamba ya miwa yakajaa maji, na viwanda vikashindwa kuvuna kama kawaida. Januari na Februari 2024 sukari ikaadimika. Bei ya kilo moja ikapita shilingi 4,000 katika sehemu nyingi, mpaka Serikali ikatangaza bei elekezi na kuruhusu sukari iingizwe kutoka nje. Wakati huo Klabu yetu ya Mapishi ilikuwa imeahidi kuoka keki kwa ajili ya mahafali ya Kidato cha Sita. Fedha tulizochanga hazikutosha sukari hata nusu. Kikao kikawa kimya. Ndipo nikajikuta ninasema, "Sokoni kuna sukari guru." Wengine wakacheka. Mwalimu wetu mlezi hakucheka. Akasema, "Jaribuni kwanza moja."

Tukajaribu. Tuliyeyusha sukari guru katika maji, tukachanganya na unga, mafuta, mayai, tangawizi na soda ya kuokea. Tukaoka. Ikatoka kitu kigumu, kilicholala chini, ambacho mwenzetu mmoja alisema kingefaa kujengea choo. Tukaongeza soda, ikatoka ya pili, yenye ladha ya sabuni. Tulipomwuliza mwalimu wa Kemia akatuambia kwamba soda peke yake haitoshi. Soda ni besi, nayo huhitaji asidi ili itoe hewa ya kaboni dioksidi inayoumua keki. Ikikosa asidi ya kutosha hubaki katika keki na kuleta ladha ile ya sabuni. "Molasi ya kigeni ina asidi yake," akasema, "lakini sukari guru ina kidogo tu. Huyo anayeipika vizuri lazima anatia kitu kichachu. Mwulizeni."

Aliyeipika vizuri nilimjua mimi tu. Likizo fupi ilipofika nikaenda Itilima. Nilimkuta bibi anaanika michembe juu ya jabali. Baada ya salamu nikamwambia kwamba tunataka kuoka mkate wake kwa ajili ya mahafali, lakini wetu hauumuki, na kwamba mwalimu anasema kuna kitu kichachu ndani yake. Bibi akanitazama. Akasema, "Si uliula? Hukusikia uchachu wake?"

Wasomaji wapenzi, sikuwa na jibu. Mtu aliyeula mkate ule asingeuliza swali lile. Nilitazama chini, na bibi akaendelea kupanga michembe kipande kwa kipande kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Hakunigombeza. Mwishowe akasema, "Nenda ndani ukalete kibuyu cha maziwa mgando."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri. Nchi ya ng'ombe ilikuwa imetia mkono wake katika mkate uliotoka kwa Wahindi, na kemia yote tuliyofundishwa ilikuwa tayari ndani ya kibuyu. Usiku ule tuliuoka pamoja, na kwa mara ya kwanza nikauonja.

Ili nisionekane ninasifu tu bila kutoa kitu, naandika hapa jinsi ya kuupika, kama bibi alivyonionyesha na kama klabu ilivyopima baadaye kwa vikombe.

Chukua sukari guru robo kilo. Ivunjevunje, uitie katika sufuria pamoja na maji robo tatu ya kikombe, uiweke juu ya moto mdogo mpaka iyeyuke yote. Kisha ichuje kwa kitambaa safi. Usiache kuchuja, maana mara nyingi mna mabaki ya miwa na hata mchanga. Ikiwa ingali moto tia samli au mafuta ya alizeti nusu kikombe, halafu iache ipoe kabisa. Ikiwa moto itapika mayai yako kabla ya wakati.

Katika bakuli kubwa chekecha unga wa ngano vikombe viwili na nusu, soda ya kuokea kijiko kimoja cha chai, tangawizi ya unga vijiko viwili vya chai, mdalasini kijiko kimoja, karafuu ya kusaga ncha ya kisu, na chumvi kidogo. Piga mayai mawili pamoja na maziwa mgando nusu kikombe, uyatie katika maji ya sukari yaliyopoa. Kisha mimina yote katika unga na ukoroge mpaka uchanganyike tu. Usikoroge sana, mkate utakuwa mgumu. Hapo utaona vipovu vinaanza kutokea. Usikawie, mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta na uipeleke motoni mara moja, kwa maana hewa hiyo ikitoka hairudi.

Kwa moto, asiye na oveni asihuzunike. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uipashe moto vizuri kwenye jiko la mkaa, weka sufuria ya mkate juu ya mchanga, funika kwa bati au mfuniko mzito, na juu ya mfuniko panga makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kwa kuwa sukari guru huungua upesi. Baada ya dakika 40 hivi choma katikati kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Tena usiukate siku ile ile ukiweza kujizuia. Siku ya pili huwa laini zaidi na harufu yake hukolea, maana sukari guru hushika unyevu. Kwa wanafunzi wa bweni hilo ni jambo la kukumbuka: keki nyeupe hukauka mapema, na mkate mweusi bado ni mzuri.

Turudi kwenye hoja. Siku ya mahafali tulikata mikate kumi na miwili katika vipande vidogo na kuiweka mezani bila kuitaja jina. Nilisimama karibu nikitazama nyuso za wageni. Mzazi mmoja, mtu wa makamo aliyevaa suti, alichukua kipande, akakiuma, akabaki amekishika mkononi. Baadaye akaniuliza ni nani aliyeoka. Akasema harufu ile aliisikia mara ya mwisho alipokuwa Darasa la Pili, nyumbani kwao Meatu, mwaka ambao sukari haikuonekana dukani, na kwamba aliyempikia alikwisha kufariki siku nyingi. Akaomba vipande viwili awapelekee watoto wake. Wale waliocheka katika kikao walimsikia.

Zipo hoja mbili zilizobaki, nami sipendi kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba sukari guru hutumiwa kupikia gongo. Ni kweli, na pombe hiyo imeharibu nyumba nyingi. Lakini hata sukari nyeupe, mahindi na mtama hupikiwa pombe, wala hatujasikia mtu akikataa ugali kwa sababu hiyo. Kosa ni la mpishi, si la kitu.

Ya pili ni ya afya, na hapa nataka kuwaonya wale wa upande wangu. Siku hizi wako watu wanaosema kwamba sukari guru ni dawa, kwamba huongeza damu na kwamba mwenye kisukari anaweza kuila bila hofu. Maneno hayo si ya kweli. Ina madini kidogo, kama chuma na potasiamu, ambayo sukari nyeupe haina, lakini sehemu yake kubwa ni sukari ile ile. Mgonjwa wa kisukari itamdhuru kama sukari nyingine, na meno yataoza vilevile. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula, yaani karibu gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Hizo ni kama vijiko 12 vya chai, na chupa moja ya soda hula sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Basi mkate mweusi na uliwe kama wazee walivyoula, siku ya furaha, kipande kimoja au viwili, pamoja na chai isiyotiwa sukari. Ninausifu kwa ladha yake na kwa habari zake, na sifa hizo zinautosha.

Sasa naomba nini? Kwa walimu wetu, naomba mkate mweusi na kashata za karanga viingizwe katika mazoezi ya Klabu ya Mapishi kila muhula, na mwalimu wa Kemia aje siku hiyo, kwani sijapata kuona somo la asidi na besi lililoeleweka upesi kama lile. Tunaambiwa mara kwa mara juu ya elimu ya amali. Hapa ipo, na vifaa vyake ni sufuria mbili na mchanga.

Kwa wazazi, naomba msione haya kutuletea vya nyumbani. Wako wazazi wanaokopa fedha ili wanunue keki ya krimu kwa sababu wanaogopa mtoto wao atachekwa. Nawaambieni kwa hakika kwamba hofu hiyo tumeitia sisi watoto wenu, wala si ninyi mlioianzisha, na ni juu yetu kuiondoa.

Kwa wanafunzi wenzangu ninayo maneno machache. Mwenzako akifungua kikapu chake ukaona michembe, mkate mweusi au kitu usichokijua, omba uonje kabla hujacheka. Na wewe uliyeletewa, fungua kikapu mbele ya watu. Tena likizo hii kaa na bibi yako jikoni, uandike vipimo vyake katika daftari, kwa sababu wengi wao hupima kwa kiganja na kwa jicho, na vipimo vya namna hiyo haviachwi kwa urithi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nilikuwa nikiusikia msemo huo katika mijadala nikidhani unahusu mavazi na ngoma tu.

Mwisho, niseme lililo gumu. Siku ya wazazi kututembelea iliyofuata baada ya mahafali, bibi alikuja na mikate miwili, kama alivyoahidi. Niliikata mbele ya bweni zima, haikubaki hata chembe, na safari hii aliyaona mwenyewe. Lakini mpaka leo sijamwambia habari za shimo la taka. Anajua kwamba sikuula mkate ule wa kwanza. Hajui ulikokwenda, wala hajaniuliza. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Kwa hiyo gazeti hili likitoka nitalichukua mpaka Itilima, nitaketi naye jikoni, nami nitamsomea makala hii yote kwa sauti, tangu mwanzo, bila kuruka mahali.